Nyuma ya pakiti ya "vitamini ya damu"

"Papa docta, munipatie vitamini, mwili hauna nguvu." Kwenye famasi za Kadutu, Nyawera au Essence, hapa Bukavu, ombi hilo ni la kila siku. Muuzaji hugeuka, hushusha chupa yenye picha ya machungwa au plakete ya vidonge vyekundu, hupokea franga, na mteja huenda zake. Mwili ulianza kulegea lini, ana mimba au hana, nyumbani anakunywa dawa gani nyingine: hayo hayaulizwi, kwa sababu ni "vitamini tu".

Vitamini na madini vikiwa ndani ya sambaza (samaki wadogo wa ziwa), mboga ya lengalenga na maharage ni chakula, na ni vigumu mtu kujidhuru navyo. Vikishashindiliwa ndani ya kidonge vinakuwa dawa. Vina dozi na muda wake, vinagombana na dawa nyingine, na kimojawapo, chuma, kinaweza kumuua mtoto kwa plakete moja.

Miligramu za nini?

Upande wa mbele wa pakiti ni wa mwenye kuuza. Dawa yenyewe iko nyuma, kwa maandishi madogo ya Kifaransa, chini ya neno "Composition".

Tuanze na chuma, maana ndicho kinachowachanganya watu kuliko vyote. Chuma hakiwekwi peke yake kwenye kidonge. Hufungwa na kitu kingine ili kipatikane chumvi inayoyeyuka tumboni. Kinachohesabiwa katika matibabu ni chuma halisi, ambacho pakiti hukiita "fer élémentaire". Kidonge cha mg 200 cha sulfati ya chuma iliyokaushwa kina chuma halisi mg 65. Kidonge cha mg 325 cha sulfati isiyokaushwa, yenye maji ndani ya fuwele zake, nacho kina mg 65 zilezile. Mteja akiwekewa vyote viwili kaunta atachukua cha 325 akidhani ndicho chenye nguvu. Fumarati mg 200 nayo hutoa karibu mg 65, ila glukonati mg 300 hutoa mg 35 tu. Kuna pia siro za sitrati ya amonia na chuma zinazojisifu kwa mg 200 kwa kijiko kikubwa, wakati chuma halisi kilichomo ni kama moja ya tano ya hizo.

Mama mwenye mimba anahitaji chuma halisi mg 30 hadi 60 kila siku pamoja na asidi foliki mg 0.4. Hayo ni mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani (OMS), na ndiyo maana kwenye vidonge vya CPN, kliniki ya wenye mimba, mara nyingi utasoma "60 mg/0,4 mg" au "60 mg/400 µg". Hapo pana mtego wa pili. Alama µg, ambayo pakiti nyingine huiandika mcg, ni mikrogramu, na mikrogramu 1000 ndizo hufanya miligramu 1. Asidi foliki ya µg 400 na ile ya mg 5 zinaweza kukaa rafu moja, zote vidonge vidogo, huku moja ikiwa imeizidi nyingine zaidi ya mara kumi na mbili. Tutaona mbele kwa nini jambo hilo si dogo kwa mwenye mimba.

Vitamini A, D na E hupimwa kwa UI (yuniti za kimataifa), kipimo ambacho kila vitamini ina chake. UI 1000 za vitamini D zinatisha kwa macho lakini ni µg 25 tu. UI 1000 za vitamini A ni hesabu nyingine kabisa, kwa hiyo usilinganishe.

Kwa siro, tazama kipimo kimeandikwa kwa ml ngapi. Mtoto wa kilo 10 ambaye damu yake imepungua kwa kukosa chuma huandikiwa kwa kawaida mg 3 za chuma halisi kwa kila kilo kwa siku, yaani mg 30. Ikiwa siro ina mg 50 katika ml 5, dozi yake ni ml 3. Ml 3 hazipimwi kwa kijiko cha jikoni, maana vijiko vya chai vya nyumba mbili havibebi sawa. Omba sirinji isiyo na sindano pale unaponunulia dawa, na umwekee mtoto siro nyuma ya shavu. Ikipita juu ya meno itayaacha na madoa meusi, ambayo hayadhuru ila huwatia wazazi hofu.

"Damu imepunguka"

Kukosa damu si ugonjwa mmoja. Kwa vipimo vya OMS, mwenye mimba amepungukiwa akiwa na hemoglobini chini ya 11 g/dl, mwanamke asiye na mimba chini ya 12, mwanaume chini ya 13. Lakini alama hizo zimewekwa kwa watu wa usawa wa bahari. Bukavu iko karibu mita 1500 juu yake; hewa ya huku ni nyepesi, mwili hutengeneza damu zaidi ili kufidia, na alama inabidi zipandishwe. Mwanamke mwenye 12 kamili hapa anaweza kuwa na upungufu ambao mwenzake wa Matadi, mji wa nyanda za chini, mwenye 12 hiyohiyo hana. Ni vizuri karatasi ya maabara isomwe na mtu anayelikumbuka hilo.

Halafu lije swali la sababu. Malaria hupasua chembe nyekundu. Safura, minyoo inayong'ata ukuta wa utumbo, hunyonya damu kidogo kidogo kwa miezi. Hedhi nzito, uvimbe wa kizazi, kidonda cha tumbo kinachovuja kwa sababu ya dawa za maumivu zinazomezwa kila siku, figo zilizochoka: kote huko mgonjwa atasema neno lilelile, kizunguzungu. Siro ya chuma humsaidia yule tu aliyeishiwa chuma, na hata huyo haimfikishi mbali kama mahali panapovuja hapajazibwa. Rangi nyekundu ya kinywaji pia haina kazi hapa. Biriti ina asidi foliki, lakini chuma chake ni kidogo, na soda nyekundu haina hata hicho.

Kosa linaloumiza zaidi liko kwa watoto wa SS, ugonjwa wa selimundu. Mtoto amepauka, macho yana umanjano, wazazi wanamnunulia siro ya damu kila mwezi kwa mapenzi yao yote. Lakini chembe nyekundu za mtoto huyo huishi kama siku 10 hadi 20 badala ya 120, na zikipasuka chuma chake hakitoki mwilini. Hubaki humo kikisubiri kutumika tena. Akiongezewa damu hospitalini, kila mfuko wa mtu mzima huleta chuma kingine cha mg 200 hivi au zaidi, na mwili wa binadamu hauna mlango wa kutolea chuma kilichozidi. Miaka ikipita hujilundika kwenye ini na moyo. Kinachomuishia mtoto wa SS ni asidi foliki, kwa sababu mwili wake unajenga chembe mpya usiku na mchana, na hiyo ndiyo daktari humwandikia. Chuma apewe pale tu maabara ikishaonyesha kwamba akiba yake, feritini, imeshuka.

Hata kwa watoto wasio na SS, chuma hakigawiwi kama pipi. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Pemba, Zanzibar, ambako malaria wakati huo ilikuwa nyingi mno. Watoto wadogo waliopewa chuma na asidi foliki kila siku bila kupimwa kwanza walilazwa au kufa kwa wingi kuliko wenzao wasiopewa. Wale waliokuwa kweli na upungufu wa chuma, wakafuatiliwa na kutibiwa malaria mapema, walinufaika. Hivyo, penye malaria, chuma cha mtoto huenda pamoja na chandarua na kipimo cha homa. Na mtoto mwenye utapiamlo aliyeandikishwa UNTA, kituo cha kutibu utapiamlo bila kulazwa, anayekula pakiti za karanga za dawa, asiongezewe siro ya chuma nyumbani. Chuma na vitamini zake vimo tayari ndani ya pakiti.

Kumeza chuma kikafika

Chuma huingia vizuri tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au masaa mawili baada ya kula, kwa maji au maji ya chungwa. Adui yake mkubwa huku kwetu ni chai. Kivu inalima chai na kahawa, na asubuhi nyingi huanza na kikombe cha kimoja kati ya hivyo. Tanini ya chai hukamata chuma tumboni na kukipeleka moja kwa moja chooni. Kidonge kilichomezwa kwa chai ya maziwa kimepigwa mara mbili, kwa tanini na kwa kalisi ya maziwa. Acha masaa mawili kati yao.

Kuna na udongo. Wanawake wengi wenye mimba hutamani udongo mweupe unaouzwa sokoni, na hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya kukosa chuma. Balaa ni kwamba udongo nao hukizuia chuma kuingia, hivyo hamu inajilisha yenyewe. Chuma kikishaanza kurudi mwilini hamu hupungua. Kumkemea mama hakusaidii kitu.

Choo kitakuwa cheusi. Hiyo ni kawaida, usiache dawa kwa sababu hiyo. Choo kinachotisha ni cheusi, laini kama lami na chenye harufu kali. Hicho kinaweza kuwa damu, na hakisubiri kesho. Kichefuchefu kikizidi, meza pamoja na chakula au wakati wa kulala. Tumbo likiendelea kukataa, mwulize aliyekuandikia kuhusu kumeza siku moja na kupumzika moja: baada ya dozi, mwili hutoa homoni inayofunga mlango wa chuma kwa karibu siku nzima, kwa hiyo dozi ya kesho yake huingia kidogo kuliko ya leo.

Pima tena baada ya wiki nne. Hemoglobini iliyotibiwa sawasawa inapaswa kuwa imepanda angalau g/dl 1. Isipopanda, kununua siro ya jina jingine ni kupoteza franga. Rudi kwenye swali la sababu. Ikipanda hadi kawaida, endelea miezi mitatu mingine, maana damu hujaa kwanza na akiba hujaa mwisho. Wengi huacha wiki wanayoanza kujisikia vizuri, na baada ya miezi kadhaa wanarudi famasi na ombi lilelile.

Mwenye mimba

Asidi foliki ina kazi moja isiyongoja: mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufungika ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Wanawake wengi hufika CPN ya kwanza miezi kadhaa baada ya hapo. Anayepanga kushika mimba aanze µg 400 kwa siku mwezi mmoja au zaidi kabla. Dozi ya mg 5 ni kwa walio katika hatari zaidi, kama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi au anayetumia baadhi ya dawa za kifafa.

Hapa ndipo ile tofauti ya vidonge vya rafu moja inapouma. Wenye mimba hupewa CPN dozi za sulfadoksini-pirimetamini kuzuia malaria. Dawa hiyo huua kimelea kwa kumnyima folati. Mama akimeza asidi foliki ya mg 5 kila siku anamlisha kimelea kile dawa inachomnyima, na kinga inadhoofika. Ile ya mg 0.4 haileti shida. Kama umeandikiwa mg 5 kwa sababu maalumu, mwambie anayekupa dawa ya malaria ili wapange.

Vitamini A ni habari nyingine. Ikizidi katika miezi ya kwanza inaweza kuharibu umbo la mtoto tumboni. Mwenye mimba asipite UI 10 000 kwa siku kwenye vidonge. Mafuta ya ini la samaki, yanayouzwa kama kitu cha asili kisicho na ubaya, yanahesabiwa humo. Na gramu 100 za maini ya ng'ombe peke yake hupita kiwango hicho, kwa hiyo maini yaliwe mara chache na kwa kipande kidogo. Mafuta ya mawese hayana hatari hiyo: yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri unavyohitaji. Ila ukiyachoma hadi yawe meupe ndipo uanze kukaanga, umeitupa karotini hewani ukabaki na mafuta matupu.

Mtoto aliyezaliwa akifika miezi 6 huingia kwenye kampeni za vitamini A: kapsuli ya bluu ya UI 100 000 mara moja kati ya miezi 6 na 11, kisha nyekundu ya UI 200 000 kila baada ya miezi 4 hadi 6 mpaka afike miaka mitano. Dozi hizo hukaa ini kwa miezi. Kumpitisha mtoto vituo viwili wiki moja ili "apate zaidi" humletea kichwa kuuma na kutapika. Nenda na karatasi yake, dozi iandikwe.

Kalisi: pale ambapo chakula kina kalisi kidogo, OMS inapendekeza wenye mimba wapate gramu 1.5 hadi 2 za kalisi halisi kwa siku ili kupunguza hatari ya presha ya mimba. Kidonge cha kaboneti ya kalisi cha mg 1250 kina kalisi halisi mg 500, kwa hiyo ni vidonge vitatu au vinne, vikigawanywa kwenye milo, kwani mwili haupokei mzigo wote kwa mkupuo. Kisimezwe pamoja na chuma. Na sambaza anayeliwa mzima, na miiba yake, ni kalisi ambayo haihitaji ratiba.

Dawa zinazogombana

Chuma, kalisi, zinki na magnesi vina tabia moja: vikikutana tumboni na dawa fulani hushikana nazo, na dawa haifiki kwenye damu.

Wanaotumia TLD dhidi ya VVU walizingatie hili kuliko wengine, kwa sababu dolutegraviri iliyomo hushikwa na madini yote hayo. TLD imezwe masaa 2 kabla ya madini au masaa 6 baada yake. Kwa chuma na kalisi kuna ruhusa ya kumeza kwa pamoja, mradi iwe pamoja na mlo kamili. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini hazina ruhusa hiyo. Mpango usiosumbua kwa mama mwenye mimba anayetumia TLD ni kumeza TLD usiku anapolala na chuma mchana. Virusi vikipanda kwa mtu anayemeza dawa kila siku bila kukosa, muulize anameza nini kingine; jibu linaweza kuwa kopo la multivitamini aliloletewa na ndugu kutoka Ulaya.

Siprofloksasini na doksisiklini hupoteza nguvu vilevile. Ni wiki moja tu ya antibiotiki. Upungufu wa damu usiokuwa mkali unaweza kusubiri wiki hiyo, typhoidi haiwezi. Dawa ya tezi ya shingo, levotiroksini, iachwe masaa 4 mbali na chuma au kalisi. Na anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi asianze vitamini K, wala vitamini E ya dozi kubwa, bila kumwambia daktari wake: ya kwanza hubatilisha baadhi ya dawa hizo, ya pili huongeza kutoka damu.

B, serumu ya njano, na kunenepa

Vidonge vyenye B1, B6 na B12 huuzwa kwa kila ganzi na kila mgongo. Vina wateja wao halali. Anayetibiwa kifua kikuu au kukingwa nacho kwa izoniazidi huhitaji B6 mg 10 hadi 25 kwa siku ili mishipa ya fahamu isiumie, hasa akiwa mjamzito, mwenye VVU, kisukari au utapiamlo. Mwenye kisukari aliyetumia metfomini miaka mingi anaweza kuishiwa B12, na miguu ikaanza kuwaka. Wengi huambiwa ni kisukari tu na kuachwa. Lakini B6 ikizidi mg 100 kwa siku kwa miezi, yenyewe huleta ganzi ya vidole. Mgonjwa anayeongeza vidonge kwa sababu ganzi imeongezeka anaweza kuwa anaimwagia mafuta. Mkojo wa njano inayong'aa ni B2 inayotoka, haina maana nyingine.

Serumu, maji ya kutundikiwa mshipani, inapendwa mno. Chupa ya ml 500 ya glukozi ya 5% ina gramu 25 za sukari, vijiko vya chai vitano au sita. Ampuli ya B kompleksi ndiyo inayoipa ile njano ya kuvutia. Mtu anayeweza kunywa na kula angepata zaidi kwenye sahani ya bugali na maharage. Anachopata na asichokitaka ni sindano kwenye mshipa, uwezekano wa jipu, na kwa nadra mzio mkali unaoangusha mtu papo hapo. Mwenye kisukari hupandishwa sukari na mtu anayemhurumia.

Kuhusu "vitamini za kunenepesha", hapo hakuna utata. Ndani ya nyingi ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi, au deksametazoni, ambayo huvimbisha mashavu kwa maji na mafuta, hupandisha presha na sukari, na kufanya tezi za mwili zilale. Aliyeitumia miezi mingi asiache ghafla, anaweza kuzimia. Aende hospitali apunguziwe polepole.

Zinki, chumvi, na machungwa ya kuchemka

Mtoto anayehara hupewa ORS na zinki mg 20 kwa siku, au mg 10 akiwa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Kidonge huyeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia. Kuhara hukoma siku ya tatu na wazazi huacha. Zile siku saba au zaidi zilizobaki ndizo zinazomlinda asiharishe tena miezi miwili mitatu ijayo.

Iodini haihitaji kidonge kwa watu wengi, inahitaji chumvi. Miaka ya 1960 kisiwa cha Idjwi kilikuwa mahali ambapo watafiti walijifunzia rovu, uvimbe wa shingo: iodini ilikosekana udongoni, na muhogo usioandaliwa vizuri uliongeza tatizo, kwa kuwa sianidi yake hugeuka mwilini kuwa kitu kinachozuia iodini kuingia kwenye tezi. Chumvi yenye iodini ikae kwenye kopo lililofunikwa, na itiwe chungu kikikaribia kuiva. Lakini matone ya iodini ya kununua yaachwe. Katikati ya miaka ya 1990 madaktari waliripoti watu wa Kivu ambao tezi zao zilianza kufanya kazi kupita kiasi, moyo ukienda mbio, baada ya chumvi yenye iodini kuingia sokoni.

Vitamini C ya kuchemka kwenye glasi, mg 1000: mtu mzima anahitaji chini ya mg 100 kwa siku, na pera moja linaweza kutosha. Haizuii mafua. Ikizidi mg 2000 huharisha, na kwa wenye historia ya mawe ya figo huongeza mawe. Lisiloandikwa kwa herufi kubwa ni sodiamu ya kukifanya kidonge kichemke, mara nyingi mamia ya miligramu kwa kidonge. Mwenye presha anayejinyima chumvi mezani anainywa kwenye glasi. Vitamini D nayo, usinywe ampuli za UI 200 000 kila wiki kwa sababu goti linauma. Kalisi itapanda kwenye damu na figo zitalipa.

Plakete iliyoachwa mezani

Vidonge vya chuma vina ganda jekundu lenye utamu, kama bombo, yaani pipi. Kwa mtoto wa kilo 10, sumu huanza kwenye mg 200 hivi za chuma halisi, yaani vidonge vitatu au vinne vya mg 60. Kwenye mg 600 maisha yako hatarini, na hizo ni vidonge kumi: plakete moja.

Masaa sita ya kwanza mtoto hutapika, huharisha, pengine na damu. Kisha hutulia. Anacheza, anaomba maji, na watu wa nyumbani husema amepona. Utulivu huo ndio unaodanganya, kwa sababu chuma kimeshahama tumboni na kinaingia kwenye ini na moyo. Kesho yake huanguka. Usimtapishe kwa vidole wala mafuta, na usitegemee makaa ya dawa, hayakishiki chuma. Mpeleke hospitali hata kama amenyamaza na anacheka, ukiwa na plakete yenyewe mkononi, na umehesabu vidonge vilivyobaki.